Kumpima Mtoto Aliye Tumboni: Maswali ya Wasomaji

Tangu tuandike kuhusu kupima selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu, kabla ya ndoa, barua zinazotufikia zaidi ni za wale ambao wameshaoana na mimba imeshaingia. Wauliza kama mtoto aweza kupimwa kabla hajazaliwa, na jibu likija, wazazi walifanyie nini. Tumechagua nne. Majina tumeyaondoa. Katika herufi za vipimo, A ni himoglobini ya kawaida na S ni ya selimundu: AA hana selimundu, AS ni mbebaji, SS ni mgonjwa.

Sote ni AS. Kumpima mtoto ni kumwekea masharti?

*Assalaam aleikum. Nina miaka 29, naishi Kisauni. Mimi na mume wangu sote tumeambiwa ni AS. Mimba ina wiki 9. Mawifi zangu washikilia mtoto apimwe mapema "tujue". Mume wangu asema mtoto ni wetu awe AA au SS, na kumpima ni kama kumwekea masharti ya kupendwa. Mimi niko katikati. Yawezekana? Na je, ni kosa?*
– Mama mtarajiwa, Kisauni

Waaleikum salaam, dadangu. Kwanza toeni karatasi zenu za majibu mzisome upya, maana wengi huteleza hapo. Kile kipimo cha haraka cha kutazama kama seli zapinda hujibu ndiyo au siyo basi. Hakitenganishi AS na SS, wala hakioni himoglobini C au thalasemia ya beta, kasoro nyingine za damu za kurithi, na mzazi mwenye mojawapo ya hizo akikutana na mwenye AS, mtoto aweza kuugua vilevile. Karatasi ya kuaminika ni ya elektroforesi ya himoglobini au ya mashine ya HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini, yenye asilimia zilizoandikwa. Mwenye AS huwa na A nyingi kuliko S. Na kama mmoja wenu aliongezwa damu katika miezi mitatu kabla ya kupimwa, jibu lake limechanganyika na damu ya mtu mwengine, arudie.

Ikithibitika kuwa nyote ni AS, mtoto huyu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS kama nyinyi, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Kuna wanaodhani kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Kumpima yawezekana, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, baina ya wiki 11 na 14. Ya pili ni kuvuta maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Daktari huiongoza sindano kwa altrasaundi kupitia ukuta wa tumbo, huvuta mililita 15 hadi 20, na mililita moja au mbili za mwanzo huwekwa kando kwa kuwa huenda zimebeba seli za mama. Kwa mzazi wa AS, hilo la seli za mama si dogo: maabara ikisoma seli zako badala ya za mtoto, mtoto wa SS ataandikwa AS, na utarudi nyumbani na furaha isiyo yako. Ndiyo maana damu yako na ya baba lazima ziandamane na sampuli ile ili maabara ilinganishe. Ikiwa hakuna aliyekuomba damu hiyo, uliza kabla sindano haijaingia.

Kwa daktari anayeifanya kazi hii mara kwa mara, uwezekano wa mimba kutoka kwa sababu ya sindano ni chini ya 1 kati ya 200. Kwa asiyeizoea, hatari huzidi. Muulize ameshafanya ngapi mwaka huu. Si utovu wa adabu, ni haki yako. Kama kundi lako la damu ni hasi, wahitaji sindano ya anti-D, ya kuuzuia mwili wako usiishambulie damu ya mtoto, ndani ya saa 72. Maji yakivuja, ukipata homa au ukaona damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki.

Kisha kuna kalenda. Pamoja na safari ya sampuli hadi maabara inayosoma jeni, hesabu wiki mbili hadi tatu kupata jibu. Wasomaji wetu wengi wamesikia habari ya siku 120, mpaka unaotajwa katika fiqhi kuhusu kutoa mimba. Baraza la Fiqhi la Makka, katika azimio lake la Februari 1990, liliruhusu kutoa mimba kabla ya siku hizo iwapo kamati ya madaktari wajuzi na waaminifu imethibitisha kwa vipimo kwamba mtoto ana kilema kikubwa kisichotibika, na wazazi wenyewe wakaomba. Baada ya hapo hairuhusiwi, ila maisha ya mama yakiwa hatarini. Sasa angalia: siku hizo huanzia mimba ilipotunga, ilhali kliniki huhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili nyuma. Siku 120 ni kama wiki 19 kwenye kijitabu chako cha kliniki. Maji yakivutwa wiki ya 16 na jibu likachukua wiki tatu, muda umekwisha siku mnayofungua bahasha.

Sheria ya Kenya nayo ina mlango wake. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 yakataza kutoa mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa ameona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama yako hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Ugonjwa wa mtoto haukutajwa humo, na fatwa haiibadilishi ibara. Na hata kwa upande wa fatwa, sisi hatuioni selimundu kuwa kilema kisichotibika. Utafiti wa dawa ya haidroksiurea uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa jirani Kilifi, ukachapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu, na vifo. Ni ugonjwa mzito, hatuupunguzi. Lakini ni ugonjwa wenye dawa.

Basi, je, kupima ni kosa? Hapana. Mumeo amesema neno la ubaba na tunamheshimu kwalo, ila kumjua mtoto siko kunakomwekea masharti. Masharti hutoka katika yale mliyopanga kufanya na jibu. Kaeni nyinyi wawili, bila mawifi, mjiulize: jibu likiwa SS, tutafanya nini kabla ya kujifungua ambacho hatutafanya tusipojua? Mkikosa la kusema, hamna haja ya sindano, kwa kuwa jibu lilelile mtalipata mtoto akizaliwa, kwa tone la damu ya kisigino, pasipo hatari yoyote. Mkiwa na la kusema, hata kama ni kwamba wewe hutalala miezi sita bila kujua, hiyo pia ni sababu halali. Na hao wanaosema "tujue", jibu si lao. Ni la wazazi, na wazazi ndio watakaoamua wamwambie nani na lini.

Mkiamua kungoja, kungoja kwenyewe kwataka maandalizi. Mwambie muuguzi aandike kwenye kijitabu chako, kwa kalamu na kwa herufi kubwa: WAZAZI WOTE AS, MTOTO APIMWE HIMOGLOBINI. Siku ya kujifungua zamu hubadilika, nawe utakuwa umechoka. Karatasi ndiyo itakayosema. Kile kipimo cha seli kupinda msikikubali kwa mtoto mchanga, kwani himoglobini ya utotoni huificha S na jibu likatoka safi. Elektroforesi ikiandika FA (F ni hiyo himoglobini ya utotoni), mtoto hana S. FAS, ni mbebaji kama nyinyi. FS, mchukulieni kuwa mgonjwa na aanze matibabu, huku mkirudia kipimo akifika miezi sita hivi.

Mtoto wa FS hupewa penisilini ya kunywa kuanzia miezi 2: miligramu 125 asubuhi na 125 jioni mpaka atimize miaka 3, kisha 250 mara mbili hadi miaka 5. Kinachokwamisha si bei peke yake. Dawa ya maji ikishachanganywa hudumu siku 7 tu, tena ndani ya friji, na kwa joto la Mombasa chupa iliyokaa mezani haina kazi. Asiye na friji aombe vidonge vya miligramu 250, agawe nusu, asage, achanganye na maziwa kidogo kijikoni. Chanjo ya nimonia, iliyomo katika ratiba ya taifa tangu 2011, isikose wiki ya 6, 10 na 14. Ongeza neti, dawa ya kinga ya malaria na foliki asidi kama kliniki itakavyoelekeza. Mwambie muuguzi akushike mkono akuonyeshe bandama lilipo, chini ya mbavu za kushoto, ulipapase kila siku. Likivimba ghafla na mtoto akapauka viganjani, hiyo ni dharura. Homa ya 38.5 pia ni dharura, hata usiku wa manane. Haidroksiurea huanza kufikiriwa kuanzia miezi 9, kwa kipimo cha miligramu 20 hivi kwa kila kilo kwa siku, na damu hupimwa mara kwa mara. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 500, na mtoto wa kilo 10 ahitaji 200. Msikifungue nyumbani na kukisia. Mfamasia ndiye wa kuipima.

Tumeambiwa "asilimia 99" ana sindromu ya Down

*Mke wangu ana miaka 26, mimba ya kwanza, wiki 14. Alitolewa damu ya kupima jeni za mtoto na jibu limekuja kwamba kuna hatari kubwa ya sindromu ya Down. Tuliambiwa kipimo ni sahihi kwa asilimia 99. Mamangu asema ukoo wa mke ndio wenye balaa. Mimi siendi popote, mke na mtoto ni wangu, lakini sijui pa kuanzia.*
– Baba mtarajiwa, Likoni

Kakangu, anza kwa kutoliamini jibu hilo kupita kiasi. Kipimo hicho, NIPT, huchuja, hakithibitishi. Ile asilimia 99 maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wenye sindromu ya Down, kitawanasa 99. Haina maana kwamba mtoto wenu anayo kwa asilimia 99. Chukua wanawake 10,000 wa umri wa mkeo. Watoto wenye sindromu hiyo watakuwa kama 10, na kipimo kitawapata karibu wote. Lakini kipimo chenyewe hukosea kwa wazima kama mara 1 katika 1,000, yaani wengine 10. Majibu 20 ya kutisha, na nusu yake si kweli. Mama wa miaka 40 hesabu yake ni nyingine: katika 10,000 watoto wapatao 100 wanayo, kwa hivyo jibu la kutisha huwa kweli mara 9 kati ya 10. Umri wa mama, kabla ya kipimo, ndio unaolipa jibu uzito wake, na hili watu wengi hawaelezwi wanapopewa karatasi.

Kosa hutoka wapi? Chembe za jeni zinazopimwa katika damu ya mama zatoka kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe, na mara nyengine kondo lina kasoro ambayo mtoto hana. Au kulikuwa na pacha aliyekufa mapema, na chembe zake zimebaki. Kwa sababu hiyohiyo, katika hali yenu twapendelea maji ya uzazi kuliko kipande cha kondo. Mkeo yuko wiki 14. Angoje ya 15 au 16, na kabla ya hapo afanyiwe altrasaundi makini. Kuotesha seli na kuhesabu kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, huchukua wiki mbili hadi tatu. Na mkisema hamtaki sindano, kwa kuwa mtoto mshampokea, pia ni sawa. Kitakachobaki ni altrasaundi na kipimo cha damu ya mtoto akizaliwa.

Mamako mwambie hivi, kwa upole na bila kuzunguka: mara 95 katika 100, sindromu ya Down hutokana na kromosomu ya 21 kutogawanyika sawasawa yai au mbegu inapoumbwa. Si chakula, si kijicho, si ukoo. Ni sehemu ndogo tu, 3 au 4 katika 100, ambapo kromosomu imehama na kujipachika kwengine, na hapo ndipo wazazi wote wawili hupimwa, maana aweza kuwa mbebaji mama au baba. Maneno ya "balaa la ukoo" hufika kwa mjamzito yakiwa mazito kuliko jibu la maabara. Wewe ndiwe wa kuyazuia mlangoni, si yeye.

Ikithibitika, kazi ya kwanza ni moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hurekebishwa kwa upasuaji zikijulikana mapema. Omba altrasaundi ya moyo wa mtoto kuanzia wiki ya 18 hadi 22. Ikionekana kasoro, ajifungulie hospitali yenye daktari wa watoto na oksijeni. Nyinyi wa Likoni msingoje uchungu uanze ndipo mkapange foleni ya feri. Wiki za mwisho ahamie kwa jamaa kisiwani, au gari liwe limepangwa kupitia Dongo Kundu. Hata moyo ukionekana mzima tumboni, apimwe tena baada ya kuzaliwa. Tezi ya shingo nayo ipimwe, kwani udhaifu wake hutibika kwa kidonge, na usipotibiwa humrudisha mtoto nyuma bure. Kunyonya huwa kwa taabu kwa sababu misuli ni legevu: akinyonya, mama ashike kidevu cha mtoto kwa kidole, na mwanzoni akamue maziwa ampe kwa kikombe. Mazoezi ya viungo yaanze miezi ya kwanza. Baadaye, usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha kituo cha EARC cha kumpima mtoto kwa ajili ya shule.

Umeuliza pa kuanzia. Ingia naye chumba cha daktari kila miadi. Mama akienda peke yake, ndiye atakayelazimika kuibeba habari hiyo mpaka nyumbani na kuwaeleza watu.

Wajukuu zangu wataka kuoana, ni binamu

*Mimi ni nyanya, Mji wa Kale. Mjukuu wa kike na binamuye wataka kuoana. Vijana wa siku hizi waniambia watoto watakuwa na kasoro. Mbona sisi tulioana hivyo?*

Shikamoo, bibi yetu. Si lazima wawe na kasoro. Kwa wazazi wasio na udugu, watoto 2 hadi 3 kati ya 100 huzaliwa na tatizo kubwa. Kwa binamu wa kwanza huwa 4 hadi 6. Wengi wao huzaliwa wazima, ndivyo mlivyoona zama zenu. Hatari hupanda pale ambapo binamu wameoana vizazi kadhaa mfululizo. Kabla ya posa kupelekwa, vijana wapime himoglobini kwa elektroforesi, na wewe utusaidie kwa lile ambalo maabara haiwezi: waketishe, uwatajie watoto wa ukoo waliofariki wadogo, waliozaliwa viziwi, walioongezwa damu kila mara, na ni wa nani. Kijana aandike. Wakienda kwa daktari na orodha hiyo, atajua apime nini. Na posa ikivunjika, sababu isitangazwe.

Mimi ni AA, mtoto ameandikwa SS

*Mke wangu ni AS. Mtoto wetu wa miezi minane amelazwa kwa kuvimba mikono na miguu, akaambiwa ni SS. Mimi nilipimwa zamani nikaambiwa AA. Nimekaa kimya, lakini moyo hautulii.*
– Changamwe

Ndugu yetu, umefanya vyema kunyamaza. Endelea kunyamaza mpaka karatasi zikamilike. Ni kweli kwamba mtoto wa SS hupokea S kwa baba na mama. Lakini "SS" kwenye karatasi si lazima iwe SS. Baba mwenye thalasemia ya beta huandikwa AA na maabara isiyotazama kwa makini, naye huenda hajaugua hata siku moja. Akizaa na mama wa AS, mtoto aweza kupokea S kwa mama na thalasemia kwa baba, na elektroforesi yake ikafanana kabisa na ya SS. Thalasemia hiyo huonekana zaidi katika familia zenye asili ya Uarabuni, Uhindi au kandokando ya Mediterania, na Pwani hii asili zimechanganyika. Omba elektroforesi mpya yenye kiwango cha A2, aina nyingine ya himoglobini, pamoja na hesabu kamili ya damu. A2 ikizidi asilimia 3.5 na seli nyekundu zikiwa ndogo, MCV (kipimo cha ukubwa wa seli hizo) chini ya 80, jibu lako umelipata. Zipo pia sababu za kawaida zaidi: ulipimwa kwa kipimo dhaifu, au chupa za damu zilibadilishwa lebo. Mtoto naye arudiwe.

Ikiwa yote yamerudiwa na bado hayalingani, kipimo cha unasaba kipo, usufi wa shavuni tu. Hapa hatukwambii upime wala usipime. Twasema usimpeleke mtoto kwa siri. Jeni zake ni habari nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na jibu likishatoka halirudishwi bahashani. Zungumza kwanza na mkeo mbele ya mshauri wa hospitali, mkiwa mmeamua mapema mtoto ataitwa nani, atalala wapi na nani atamlipia dawa, liwe jibu lolote. Ikiwa hamwezi kuyaamua hayo, hamjawa tayari kwa kipimo.

Kuvimba mikono na miguu ndiko dalili ya mwanzo inayojulikana zaidi kwa umri wake, na si ya mwisho. Apate penisilini leo, na tarehe ya kliniki kabla hajaruhusiwa kutoka wodini. Vipimo vyako wewe vyaweza kungoja wiki ijayo.